Ile Sanamu ya Chuma Uani, na Kazi ya Kuitunza

Bamba la chuma lenye unene wa milimita 10, likikatwa mita 1 kwa mita 1, lina uzito wa kilo 78 na nusu. Naanza na uzito kwa sababu ndio watu husahau kwanza. Sanamu iliyo uani katika chuo ninachofanyia kazi hapa Nairobi imeundwa kwa mabamba matano ya unene huo, yameegemeana kama karata, na anayeiona kwa mbali hudhani upepo ungetosha kuiangusha. Bamba kubwa lina kimo cha mita 4 na upana wa mita 1 na sentimita 22. Piga hesabu utapata karibu kilo 383, na hilo ni bamba moja tu.

Ninashinda karakana, kati ya grinda, mitungi ya gesi na mashine za kukatia. Naandika leo kwa sababu kuna mapendekezo mawili mezani kuhusu sanamu hiyo. La kwanza ni ipakwe rangi za chuo kabla ya mahafali. La pili ni iwekewe kibao cha kueleza maana yake. Yote mawili yametoka kwa watu wenye nia njema, na yote mawili nayapinga, la kwanza kwa nguvu zaidi.

Aliyeibuni alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sanaa. Alikuja karakana amebeba mfano wa kadibodi wenye kimo cha rula, umeshikamana kwa gundi. Akaniuliza, "Madam, hii ikiwa ya chuma itasimama?" Sijui swali bora ambalo msanii anaweza kumuuliza fundi. Kadibodi haina habari na uzito. Gundi hushika chochote. Chuma kina hesabu zake. Bamba lake kubwa lilikuwa limeinama nyuzi 12, maana yake kichwa kinatoka nje ya mguu kwa zaidi ya sentimita 80. Liache peke yake, linaanguka.

Tulitafuta kitovu cha uzito cha kila bamba kwa njia ile ya darasani. Unakitundika kipande cha kadibodi kwa uzi kwenye kona moja, unachora mstari wima kufuata uzi, kisha unakitundika kwa kona nyingine na kuchora tena. Mistari inapokatana ndipo uzito wote ulipo. Baada ya hapo tukajua bamba gani litasukuma lipi, na kwa upande gani. Mfano wa kadibodi ulibadilika. Bamba la nne lilisogea, la tano likafupishwa, na mwanafunzi mwenyewe akasema umbo limekuwa zuri kuliko la kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Wapo wanaobuni kitu na kumwachia fundi taabu ya kukisimamisha. Yeye aliuacha uzito uwe na sauti katika umbo.

Mabamba hapa mjini huuzwa futi 8 kwa futi 4. Futi 8 ni mita 2 na sentimita 44, kwa hiyo bamba la mita 4 lazima liungwe, na mshono wake utaonekana na kila apitaye kwa sababu uko juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Kwa mishono hiyo tulimwita fundi kutoka Kamukunji, soko la mafundi wa chuma hapa Nairobi, mzee ambaye ameshika chuma tangu ujana wake. Alipofika alizunguka meza, akapitisha kidole gumba kwenye kingo za bamba, akaomba grinda. Kwanza alizichonga kingo zote mbili mshazari, ili zikikutana ziache mfereji wa umbo la V, na kujaza mfereji huo ndiko kuunga kwenyewe. Anayeunga bamba nene bila mfereji anapaka weldi juujuu tu. Ndani mnabaki ufa.

Kisha akaanza, na wanafunzi waliokuja kutazama walishangaa jinsi alivyokwenda polepole. Alichomelea urefu wa kiganja, akaacha, akaenda upande wa nyuma wa bamba, akachomelea urefu wa kiganja, akarudi mbele lakini si pale alipoachia, bali nyuma kidogo, ili kila kipande kiishie pale cha awali kilipoanzia. Kijana mmoja akamuuliza kwa nini asiende moja kwa moja amalize. Mzee hakuinua macho. "Ukiharakisha kitapinda," akasema, "na kikishapinda hakisikii mtu."

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 1,500. Sehemu iliyoyeyuka ikipoa hunywea, na ikinywea huvuta jirani zake. Ukichomelea upande mmoja mfululizo, bamba lote hujikunja kuelekea upande huo, na kulinyoosha bamba la milimita 10 lililojikunja ni vita. Ndiyo maana mzee alikuwa akigawa joto kidogo kidogo, pande zote mbili, akiweka kiganja karibu na bamba bila kuligusa ili kujua kama limepoa vya kutosha. Kila tabaka lilipoisha aligonga ganda la juu kwa nyundo ndogo, akapiga brashi ya waya, akatazama, ndipo akaweka tabaka jingine. Hakutumia kipimajoto hata mara moja, na bamba lilipowekwa rula ndefu halikuwa limepinda.

Swali likawa mshono usagwe uwe laini au uachwe. Mwanafunzi alitaka usagwe, sanamu ionekane kana kwamba imezaliwa ikiwa bamba moja. Mzee alimwambia asage kama anataka, ila chuma kitapungua pale pale kinapohitajika. Mwanafunzi alisimama na grinda mkononi kwa muda, akaizima. Mshono ukabaki. Leo ukisimama upande wa maktaba jua la jioni likiwa nyuma yako, utauona ukikatiza bamba kubwa kwa viwimbi vidogo vilivyopangana sawa, na kwangu mimi hapo ndipo pazuri kuliko pote.

Sasa swali linaloulizwa zaidi. Wageni huuliza, wazazi huuliza siku ya mahafali, soja wa geti ameniuliza: "Madam, lakini hii kitu ni ya nini?" Swali halinikasirishi. Jiji hili limetufundisha kuuliza hivyo, kwa sababu karibu kila sanamu tuliyoizoea ina uso. Askari watatu wa shaba nyeusi wamesimama Kenyatta Avenue tangu 1928. Mzee Jomo Kenyatta ameketi pale kwenye jumba la mikutano la KICC tangu 1973, kazi ya Mwingereza James Butler. Dedan Kimathi alisimamishwa kwenye barabara yenye jina lake mwaka 2007, na Tom Mboya akapata sanamu yake Moi Avenue mwaka 2011. Nazipenda, hasa ya Kimathi. Lakini zote unazikaribia kwa swali moja, huyu ni nani, na ukishajibiwa unaendelea na safari yako.

Hii ya uani haijibu hivyo. Ukitoka maktaba unakutana na ubavu wa bamba kubwa, na kwa hatua chache sanamu nzima inakuwa mstari mmoja mweusi, mwembamba. Ukienda upande wa kantini inafunguka, mabamba matatu yanafunika kipande cha mbingu na lile la tano linajitokeza chini kama halikuwapo. Mtu akiniuliza ni ya nini namwomba aizunguke kwanza. Wengi hurudi na swali jingine, mara nyingi la kifundi: mbona haianguki? Hilo tunaweza kulizungumza mpaka jioni.

Kuna jambo jingine ambalo mtu hulijua kwa kukaa nayo mwaka mzima. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 1 na kidogo tu. Jua letu la saa sita na nusu mchana, ambapo linafika juu kabisa, halikai upande mmoja. Mwezi Juni liko kaskazini yetu, na kitu cha mita 4 kilichosimama wima hutupa kivuli cha karibu mita 1.8 kuelekea kusini. Mwezi Desemba liko kusini, na kivuli, mita 1.6 hivi, huangukia kaskazini. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, kuna siku ambazo kivuli cha saa hiyo hupotea karibu chote. Benchi la pale uani liliwekwa Desemba, upande wa kaskazini, penye kivuli kizuri. Ilipofika Juni wanafunzi walihama wakakaa kwenye nyasi upande wa pili, na nyasi za upande huo sasa zimekwisha. Ningefurahi chuo kingeweka benchi la pili huko. Ni bei rahisi kuliko kibao, na lingesema mengi zaidi kuhusu sanamu.

Kuhusu hicho kibao: maneno yaliyopendekezwa ni umoja, elimu na maendeleo. Aliyeibuni sanamu hakuwahi kusema hayo. Picasso alipoupa mji wa Chicago mfano wa sanamu yake ya chuma, iliyozinduliwa mwaka 1967 ikiwa na kimo cha mita 15 na uzito wa tani 147 hivi, hakuipa jina wala hakueleza ni nini. Ujira alioahidiwa pia aliukataa. Watu wa Chicago walibishana miaka na miaka kama ni mwanamke, mbwa au nyani, na watoto wakaugeuza msingi wake kuwa mahali pa kuteleza. Leo hakuna anayewaza kuiondoa. Waliibishania, wakaichezea, ikawa yao.

Vyuo vina visa vyao. Katika Chuo Kikuu cha Michigan kuna mchemraba mkubwa wa chuma wa Tony Rosenthal, umesimama kwa kona yake, na ukiusukuma kwa mikono unazunguka. Kila mwanafunzi anayepita anaweza kuusukuma. Pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, sanamu ya Alexander Calder yenye mita 12, ya miaka ya 1960, ilisimamishwa mbele ya jengo refu ambalo upepo wake ulikuwa ukifanya milango iwe migumu kufunguka. Wanafunzi wakaambiana kwamba iliwekwa ili kuvunja upepo. Si kweli, lakini naelewa kwa nini walisema: walitaka iwe na kazi. Nasi tunalo letu. Kuna kijana aliwaeleza wageni kwamba yetu ni antena.

Kisa kinachonisumbua ni cha Richard Serra, msanii wa chuma wa Marekani. Mwaka 1981 aliweka ukuta wa chuma uliopinda, urefu wa mita 36 na kimo cha mita 3.6, katika uwanja wa ofisi za serikali huko Manhattan. Wafanyakazi waliotoka nje wakati wa chakula ikawabidi wauzunguke. Wakalalamika, kukawa na vikao, na mwaka 1989 ukakatwa na kuondolewa. Serra alisema kuuhamisha ni kuuharibu, kwa kuwa ulitengenezwa kwa ajili ya pale. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu mkono wangu unamuunga Serra na miguu yangu inawaunga wafanyakazi. Chuma hakiwezi kukaa kati ya watu ambao hakuna aliyezungumza nao. Sanamu yetu iliponea hapo: kabla msingi haujachimbwa, mwanafunzi alitandaza kamba uani kuonyesha mabamba yatakapokaa, akaiacha, na watu wakapita. Kamba ilikuwa inakatiza njia ya mkato ya kwenda kantini. Akaisogeza. Leo njia ile ipo, na sanamu iko kando yake.

Na nchi hii ina sababu zake za kuipenda sanaa ya chuma. Simama Kamukunji asubuhi yoyote: masanduku ya watoto wanaokwenda bweni, karai, majiko, toroli, mashine za kukatia viazi, yote yanatoka kwenye mabati na mapipa yaliyogongwa kwa mkono. Nyundo zinasikika kabla hujafika. Kule mitaani kila geti lina maua na mishale ambayo fundi alijibunia mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza ua lile ni la nini. Kioko Mwitiki amejijengea jina kwa kuunda wanyama, hata ndovu wa ukubwa halisi, kwa vyuma chakavu. Mikono tunayo. Macho pia tunayo, maana anayeweza kukwambia kwa kutazama tu kwamba geti la jirani limepinda kidogo upande wa juu tayari anajua kuangalia chuma. Kinachokosekana ni mahali ambapo chuma kinaruhusiwa kisiwe geti wala sanduku, na uani kwa chuo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Lakini nilisema naandika kwa sababu ya rangi, na hapo ndipo nina mengi.

Chuma hushika kutu kikipata maji na hewa kwa pamoja. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo ikianza chini ya rangi huisukuma rangi mpaka ivimbe na kupasuka, na maji yanapata mlango mpana zaidi. Ikianza kati ya mabamba mawili yaliyogusana, huyasukuma mabamba yenyewe yaachane. Hakuna bolti ya kushindana nayo miaka yote.

Wahadhiri wawili wameniambia tuiache ishike kutu, kwani wameona sanamu za Marekani zenye rangi ya udongo mwekundu na zinapendeza. Zinapendeza kweli, lakini zile ni za chuma kingine. Nyingi ni za Cor-Ten, chuma kilichotolewa na kampuni ya US Steel mwaka 1933, chenye kiasi kidogo cha shaba, kromi, nikeli na fosforasi. Kutu yake ya kwanza hushikamana ikawa ngozi inayokinga kilicho ndani. Ile ya Picasso ni ya chuma hicho. Hata hivyo kinataka kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Mahali ambapo maji hayakauki, au penye chumvi ya bahari, ngozi hiyo haitulii. Nairobi, yenye mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba na kiangazi katikati, ingekifaa. Mombasa isingekifaa, na waliozitengeneza zile pembe za ndovu za Moi Avenue ya huko kwa alumini walichagua vyema. Yetu ni ya chuma cha kawaida kilichonunuliwa Eneo la Viwanda. Kutu yake hubanduka magamba, chini yake inaanza nyingine, mpaka bamba liishe. Ya kwetu lazima ipakwe rangi, na ipakwe ipasavyo.

Aliyegundua kutu ya kwanza hakuwa mimi. Alikuwa mama anayefagia ua. Mabamba mawili yanakutana chini na kufanya kimfuko, na kuanzia Septemba mijakaranda iliyo karibu humwaga maua yake ya zambarau ndani humo. Maua yanaoza, yanashika maji, na kimfuko kinakaa kibichi siku nyingi baada ya mvua kukatika. Mama yule alikuwa akiyatoa kwa mkono, hakuna aliyemwagiza. Siku moja akanisimamisha: "Madam, kuja uone hapa." Akafuta tope kwa kidole, akanionyesha mstari wa hudhurungi, mwembamba, ukifuata kiungo. Kisha akaniambia kitu ambacho kwa mahesabu yangu yote sikuwa nimekitazama: asubuhi jua likianza kupanda, chuma hulia mahali hapo hapo.

Ni kweli hulia. Bamba la mita 4 likitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi joto la mchana, tofauti ya nyuzi 30 hivi, hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu. Mabamba mawili yakirefuka kwa viwango tofauti, kwa sababu moja liko juani na jingine kivulini, husuguana yanapogusana. Rangi ya mahali hapo haiwezi kuvumilia. Hupasuka uzi mwembamba, maji ya kimfukoni yakaingia. Kwa hiyo mama yule, kwa sikio na kidole, alikuwa ameunganisha sababu mbili ambazo mimi nilizijua kila moja peke yake.

Sasa tazama pendekezo la rangi za chuo. Ni rangi ya mafuta ya kung'aa, ipakwe juu ya iliyopo, haraka, kwa sababu mahafali yamekaribia. Picha zitatoka vizuri. Lakini chini ya rangi hiyo kutu itaendelea, na sasa hakuna atakayeiona mpaka bamba litoboke. Bora kutu inayoonekana.

Kazi yenyewe si ya siri. Unakwangua hadi chuma kiwe tupu na king'ae, kwa brashi ya waya na grinda. Kingo kali unazisaga ziwe mviringo kidogo, kwa kuwa rangi hukimbia ncha kali na kubaki nyembamba pale pale inapohitajika. Unafuta vumbi na mafuta. Unapaka rangi ya msingi yenye zinki siku hiyo hiyo, kabla umande haujashuka, ukianza na kingo na mishono kwa brashi ndogo, ndipo uso mzima. Ikikauka unaweka tabaka la pili, kisha la juu. Zinki ndiyo yenye kazi kubwa: mkwaruzo ukifika kwenye chuma, zinki huliwa kwanza na chuma kinasalimika kwa muda. Na kwenye kile kimfuko unatoboa tundu la milimita 20 kwa chini, maji yapate njia. Tundu moja litafanya kazi kuliko ndoo za rangi.

Rangi ya juu iwe ile ile ya kijivu kilichokolea aliyoichagua mwenye kazi. Rangi za chuo ni mbili, na mabamba ni matano. Ukiyagawanya kwa rangi, jicho halitaona tena mabamba yakisukumana, litaona bendera. Usukumaji ndio sanamu yenyewe. Hilo si jambo la ladha. Ni sawa na kubadilisha umbo lake.

Kuna pia suala la nati. Nchi hii inajua gharama ya vyuma vinavyofunguliwa usiku. Januari 2022 minara ya umeme ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, stima ikapotea nchi nzima, serikali ikasema vyuma vya minara vilikuwa vimeibwa, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa muda. Nasi tumewahi kukuta nati za sahani ya chini, ile inayoishika sanamu kwenye msingi, zimelegezwa na mbili hazipo. Mzee wa Kamukunji alirudi, akakaza mpya, akaweka nukta moja ya weldi juu ya kila nati. Haifunguki tena kwa spana. Alikataa malipo ya siku hiyo, akasema ile ni kazi yake.

Ndiyo sababu kama lazima kibao kiwepo, nataka kiwe kidogo, kiandikwe jina la aliyeibuni, mwaka, na jina la aliyechomelea. Maana iachwe. Mama wa kufagia hajawahi kuniuliza maana ya kile anachokitunza, na simjui mtu anayeielewa sanamu hiyo kumzidi.

Nimewaandikia wahusika ombi kwamba rangi isubiri mahafali yapite. Wakikubali, tutaifanya kazi mwishoni mwa Januari, kabla ya mvua za Machi, siku ya Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Mzee amesema atakuja kuukagua mshono wake. Aliyeibuni yuko Nakuru siku hizi na ameahidi kufika. Brashi za waya na msasa viko karakana vya kutosha. Glavu na miwani ya kukinga macho njoo na vyako, na nguo usizozionea uchungu, maana zinki ikishika kitambaa haitoki.